Kalenda, Sheria na Soka ya Mitaa ya Eastlands

Mhadhara kwa wakazi, makocha na marefa wa Kware, Nairobi



Kusudi la mhadhara huu ni kueleza jinsi mabadiliko ya sheria na ratiba yalivyogusa desturi za soka ya ligi nchini Kenya, hasa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Hoja ni tano. Ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu ndiyo inayowagusa zaidi watu wa Eastlands na ndiyo ambayo haijajadiliwa vya kutosha. Dai kuu ni kwamba desturi ya mashabiki husimama juu ya tarehe na saa. Sheria ya mchezo ikibadilika, mashabiki huizoea baada ya msimu mmoja au miwili. Tarehe ikihama, desturi iliyotegemea tarehe hiyo hubaki bila pa kushika.

1. Kalenda mpya na Desemba ya Ziwani

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Kwa muda mrefu msimu wake ulienda pamoja na mwaka wenyewe: mechi zilianza mapema mwakani, kwa kawaida Februari au Machi, na bingwa alijulikana kabla ya Krismasi. Kwa hiyo Desemba ilikuwa likizo ya wachezaji. Wengine walikwenda ocha, na waliobaki Nairobi walirudi kucheza mitaani walikolelewa.

Hapo ndipo yalipochipuka mashindano ya Koth Biro, yaliyopewa jina la mvua inayokuja. Yamekuwa yakichezwa Ziwani, katika uwanja wa Umeme, tangu mwaka 1978. Timu ni za mitaa, wala si za klabu kubwa, na kivutio chake tangu mwanzo ni kwamba mchezaji wa ligi kuu huvaa jezi ya mtaa na kusimama safu moja na kijana ambaye hajawahi kusajiliwa popote. Mtoto wa Kaloleni, Makongeni au Kariobangi alimwona nyota wa redioni akicheza hatua chache kutoka alipokaa. Makocha walikuja kutafuta vipaji. Kijana aliyeng'ara Desemba aliweza kupata klabu kabla ligi haijaanza tena Februari. Mfuatano huo wa miezi, likizo kwanza, mashindano katikati, usajili mwishoni, ulifanya kazi ya chuo cha soka kwa watu wasio na chuo.

Julai 2017, Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilikutana Rabat na kuamua mambo mawili. Kombe la Mataifa ya Afrika lingehamishwa kutoka Januari hadi Juni na Julai na kuongezwa timu kutoka 16 hadi 24. Mashindano ya klabu nayo yangefuata msimu wa Agosti hadi Mei, kama ilivyo Ulaya. Nchi ambazo ligi zao zilifuata mwaka wa kalenda zililazimika kuhama, na Kenya ilikuwa miongoni mwao. Msimu wa 2018 ulimalizika kwa utaratibu wa zamani. Ule uliofuata ulibanwa kati ya Desemba 2018 na Mei 2019, ingawa ligi ilikuwa na timu 18 na kila timu ilikuwa na mechi 34. Msimu wa 2019/20 ukaanza mwishoni mwa Agosti.

Ugumu wa msimu ule uliobanwa unaonekana vizuri kwa Gor Mahia. Klabu hiyo ilikuwa ikitetea ubingwa wa nyumbani na papo hapo ikicheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako iliifunga Zamalek ya Misri 4-2 jijini Nairobi na kufika robo fainali dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Viporo vya ligi vililundikana, na timu ikalazimika kucheza mechi nyingi kwa siku chache. Shabiki aliyezoea kupanga Jumapili yake kuzunguka K'Ogalo, yaani Gor Mahia, sasa alitakiwa kutoka kazini Jumatano saa tisa. Kwa mtu wa Kware anayelipwa kwa siku kiwandani au kwenye mjengo, kwenda kuona mechi ya Jumatano ni kupoteza mshahara wa siku hiyo.

Pigo la kudumu zaidi lilikuwa lile la Desemba. Katika kalenda mpya mwezi huo ni katikati ya ligi. Mchezaji aliyesajiliwa yuko chini ya mkataba, na kocha wake ana kila sababu ya kumkataza kucheza mahali pengine: akiumia Ziwani siku ya Jumapili, klabu humkosa kwa wiki kadhaa huku ikiendelea kumlipa. Hakuna wa kulaumiwa katika mvutano huo, maana klabu inalinda mali yake na mtaa unadai mwanawe. Lakini zamani mvutano wenyewe ulikuwa mdogo, kwa sababu kalenda iliwapa nafasi wote wawili.

Mvua pia ilihama katika hesabu. Nairobi hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Chini ya utaratibu wa zamani masika yaliangukia mwanzo wa msimu, wakati timu bado zinajipanga na pointi zilizopotea kwenye matope zinaweza kurudishwa. Sasa masika yanaangukia mechi za mwisho, zile zinazoamua nani bingwa na nani anashuka daraja. Waliokuwa Nairobi Aprili na Mei 2024 wanakumbuka mafuriko yaliyokumba Mathare na Mukuru. Viwanja vya kawaida, ambavyo havina mifereji mizuri ya kutoa maji, ndivyo vinavyotakiwa kubeba mechi nzito za mwaka katika miezi hiyo.

Jambo linalostahili kusemwa waziwazi ni kwamba sababu kubwa ya kuhama haikudumu. Kombe la Mataifa la 2019 lilichezwa Misri mwezi Juni na Julai kama ilivyopangwa. Lakini la Cameroon lilichezwa Januari na Februari 2022, la Ivory Coast Januari na Februari 2024, na la Morocco likaanza Desemba 2025. Mashindano yalirudi karibu na mahali pake pa zamani huku ligi zilizohama kwa ajili yake zikiachwa pale zilipohamia. Zipo faida, bila shaka: bingwa wa Kenya huingia mashindano ya Afrika mara tu msimu unapokwisha, na dirisha la kuuza wachezaji Ulaya hulingana na la hapa. Ni faida za kweli, ila zinaenda kwa klabu chache na mawakala, ilhali gharama imeangukia mitaa.

2. Saa ya kuanza mechi na nguvu ya televisheni

Kwa vizazi viwili au vitatu, soka ya Nairobi iliishi Barabara ya Jogoo. Uwanja ulioitwa kwanza African Stadium, kisha Donholm Road, kisha Jogoo Road, kisha City Stadium, ulipewa jina la Joe Kadenge baada ya nyota huyo kufariki Julai 2019. Mashabiki walitembea kwa miguu kutoka Kaloleni, Jericho, Makongeni na Shauri Moyo wakiimba njiani, na upande mmoja wa uwanja uliitwa Russia, makao ya mashabiki wa Gor. Matembezi yale yalikuwa nusu ya mchezo. Yaliwezekana kwa sababu saa ilikuwa moja, mahali pamoja, na kila mtu alijua.

Kampuni ya SuperSport ilipoanza kuonyesha ligi mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ilileta fedha na nidhamu ambazo ligi haikuwa nazo. Mishahara ilianza kufika kwa wakati katika baadhi ya klabu, na wachezaji walionekana nje ya nchi. Pamoja na hayo zilikuja mechi mbili mfululizo katika uwanja mmoja siku moja, ili magari ya kurushia matangazo yasihame, na timu zikahamishwa mbali na mashabiki wake. Mwaka 2017, baada ya mzozo kati ya shirikisho na kampuni iliyoendesha ligi kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, SuperSport ilijitoa. Fedha zikaondoka, lakini tabia ya kuhamisha mechi ikabaki.

Mshindani mkubwa zaidi hakutoka Kenya. Ligi Kuu ya Uingereza huanza mechi zake nyingi za Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa za huko, ambayo hapa ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi yao na saa kumi na moja wakati wa kiangazi. Ile ya mapema, ya saa sita na nusu mchana, hufika hapa saa tisa na nusu au saa nane na nusu, yaani wakati uleule ambao mechi ya Kenya inaendelea. Wasikilizaji wenye vibanda vya kuonyesha mpira hapa Kware na Pipeline wanajua hesabu hii kuliko mhadhiri yeyote, kwa kuwa ndiyo wanayoishi nayo kila wiki.

Waingereza wenyewe waliona hatari hiyo zamani. Tangu miaka ya 1960, kwa kusukumwa na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, mechi haziruhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni nchini mwao siku ya Jumamosi kati ya saa tisa kasorobo na saa kumi na moja na robo. Lengo ni kumlinda mlangoni shabiki wa timu ndogo ya daraja la tatu au la nne, asishawishike kubaki nyumbani kutazama vigogo. Mechi zilezile ambazo mtu wa Burnley haruhusiwi kuziona kwenye televisheni huonyeshwa Kware bila kizuizi, na hakuna sheria yoyote inayolilinda lango la uwanja wa Dandora. Nchi iliyobuni mchezo huu iliona kwamba saa ya mechi ni mali inayohitaji ulinzi. Kenya bado haijaitazama hivyo.

3. Sheria za ndani ya uwanja

Hapa mambo ni mepesi zaidi, ingawa kelele huwa nyingi. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka ilianzishwa mwaka 1886 na imekuwa ikizibadilisha tangu hapo. Mwaka 1992 ilimkataza kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Wazee waliokuwa mashabiki miaka ya 1980 watakumbuka jinsi timu iliyokuwa ikiongoza ilivyoua dakika kumi za mwisho kwa beki na kipa kupeana mpira. Ufundi huo ulikuwa na wapenzi wake, lakini ulipokufa haukuombolezwa kwa muda mrefu. Pointi tatu kwa ushindi, badala ya mbili, zilianza Uingereza mwaka 1981, zikafika Kombe la Dunia mwaka 1994 na kuenea kote, na sare ikapungua thamani.

Sheria moja ya zamani ina nafasi maalumu katika kumbukumbu za Wakenya. Mwaka 1987 Gor Mahia ilicheza fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, lililoitwa wakati huo Kombe la Mandela, dhidi ya Espérance ya Tunisia. Matokeo yalikuwa 2-2 kule Tunis na 1-1 hapa Nairobi. Jumla ikawa 3-3, na Gor ikatwaa kombe kwa mabao mengi ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kushinda taji la bara. Mwaka 2021 shirikisho la Ulaya, UEFA, liliifuta kanuni hiyo katika mashindano yake. Ingekuwa imefutwa Afrika kabla ya 1987, fainali ile ingeamuliwa kwa njia nyingine, na hakuna awezaye kusema nani angeibuka mshindi.

Badiliko la karibuni lenye uzito ni la wachezaji wa akiba. Mei 2020, wakati wa janga la korona, timu ziliruhusiwa kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu, na mwaka 2022 ruhusa hiyo ikawa ya kudumu. Kwa klabu ya taasisi yenye mishahara ya uhakika, benchi la wachezaji watano wazuri linawezekana. Kwa klabu ya jamii inayotegemea viingilio na michango, mchezaji wa kumi na tano mara nyingi ni kijana asiye na uzoefu. Haidaiwi hapa kwamba kanuni hii ndiyo iliyowapa Kenya Police ubingwa wao wa kwanza msimu wa 2024/25, kwani timu hiyo ilicheza vizuri na ikastahili. Hata hivyo kanuni inayompa faida mwenye kikosi kipana haiwezi kuitwa ya usawa katika ligi ambayo baadhi ya timu hukopa nauli.

Inafaa kutaja pia kwamba Eastlands haikupokea sheria tu, iliwahi kuzitunga. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilihesabu pointi za ligi yake kwa njia yake chenyewe: ushindi ulileta pointi tatu, na timu iliyokamilisha kazi ya kusafisha mtaa ikapata sita. Nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzungumza na refa. Kutoka kwa vijana waliolelewa na kanuni hizo ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kanuni ya nahodha pekee kumkabili refa ilitumiwa kwenye Kombe la Ulaya mwaka 2024 na kusifiwa kama jambo jipya. Marefa waliopo leo, ambao wengi wamewahi kuzongwa na wachezaji kumi na mmoja kwa wakati mmoja, wana haki ya kujua kwamba ilikuwa ikitumika Mathare miongo kadhaa kabla.

4. Amri ya majina

Mwaka 1980 serikali iliagiza vyama na klabu ziache majina ya makabila. Abaluhya FC, iliyoundwa mwaka 1964, ikawa AFC Leopards. Luo Union ikawa Re-Union. Wengi walidhani kwamba jina likiondoka, utii wa mashabiki utaondoka nao. Haikuwa hivyo. Chui wa jina jipya alitafsiriwa papo hapo kuwa Ingwe, na nyimbo zikaendelea katika lugha ileile. Mechi kati ya Ingwe na K'Ogalo sasa inaitwa debi ya Mashemeji, kwa kukumbuka ndoa nyingi kati ya jamii za Waluhya na Waluo, na utani wake umekuwa sehemu ya adabu ya jiji. Amri iligusa maandishi. Siku na mahali pa kukutana havikuguswa, na ndiyo maana desturi ilipona. Mfano huu unaunga mkono dai la mwanzo kwa nguvu kuliko mwingine wowote.

5. Rekodi na urefu wa msimu

Ratiba hubadilisha pia namna vizazi vinavyolinganishwa. Marekani ina mfano maarufu katika besiboli ya kulipwa. Mwaka 1927 Babe Ruth wa New York Yankees alipiga homurani 60 katika msimu wa mechi 154. Mwaka 1961 ligi yake iliongeza mechi hadi 162, na mwaka huohuo Roger Maris, wa klabu ileile, akafikisha 61. Mabishano kama rekodi mbili zilistahili kuandikwa kando kando yalidumu miaka mingi na kumwumiza Maris, ambaye hakuwa amepanga ratiba.  

Kenya ina mfano wake. Maurice Ochieng "Sonyi" alifunga mabao 26 katika msimu wa 1976, mwaka ambao Gor Mahia ilichukua ubingwa bila kupoteza mechi. Rekodi hiyo ilidumu hadi msimu wa 2022/23, Elvis Rupia wa Kenya Police alipofunga 27. Wote wawili wanastahili heshima kamili. Kinachokosekana ni kitabu rasmi kinachoonyesha kwa kila msimu idadi ya timu, mechi zilizochezwa, pointi zilizotolewa kwa ushindi, na mechi zilizoamuliwa mezani. Bila hayo, kijana wa leo hawezi kulinganisha Sonyi na Rupia isipokuwa kwa kelele, na wanaokumbuka mwaka 1976 wanapungua kila mwaka.

Kazi iliyo mbele

Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027. Viwanja vya Nyayo na Kasarani vimekuwa vikifungwa na kufunguliwa kwa ukarabati, na ligi imekuwa ikihamia Machakos, Dandora na kwingineko. Kabla pilikapilika hizo hazijazidi, yapo mambo manne yanayoweza kuombwa na watu wa kawaida kupitia klabu na matawi ya shirikisho.

La kwanza, ratiba yote ya msimu itangazwe kabla ya mechi ya kwanza, na mechi ikihamishwa taarifa itolewe wiki mbili kabla. La pili, ligi isimame kwa wiki tatu kuanzia katikati ya Desemba, na wachezaji wapewe ruhusa ya maandishi, yenye bima, kucheza mashindano ya mitaa. Ujerumani husimamisha ligi yake kila majira ya baridi, na hakuna anayeiona kuwa nchi isiyojua soka. La tatu, mechi za Jumamosi zianze saa saba mchana, au zihamishiwe Jumapili saa nane, ili lango la Dandora lisishindane sana na kibanda cha Pipeline. La nne, shule na maktaba za Eastlands zianze sasa kukusanya ratiba za zamani, tiketi, picha na masimulizi ya waliocheza na waliotazama, kuanzia enzi za African Stadium.

Hili la nne halihitaji idhini ya CAF wala ya waziri. Linahitaji daftari, simu ya kurekodi sauti, na mwalimu mmoja atakayekubali kulisimamia. Wazee waliokaa safu ya mbele leo wamebeba misimu isiyopungua thelathini vichwani mwao, na vijana walio nyuma yao wana simu mifukoni. Baada ya maswali, meza iliyo karibu na mlango itapokea majina ya watakaosimulia na ya watakaoandika.